Kwetu Chini

Gelasius alizikwa bila yeye mwenyewe kuwepo. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilimwangukia, yeye na wenzake wawili, asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi wa Machi, huko machimboni Rwamgasa, na wachimbaji walihangaika siku nne kufukua udongo ambao kila wakitoa karai moja ulishuka makarai matatu. Siku ya tano Ngassa, mwenye duara lile, akasema basi, hawezi kupoteza wazima kwa ajili ya waliokwisha kwenda. Hakuna aliyembishia, hata Valerian, mdogo wake Gelasius, ambaye kucha za mikono yake zilikuwa zimekwisha kwa kuchimba.

Sasa, ukoo ule ulikuwa wa Ushirombo, na kwao mtu haachwi hivihivi. Asipozikwa, mjane hawezi kuvua msiba, watoto hawanyolewi, na kila ugonjwa utakaopita mlangoni utasemwa ni yeye. Basi wazee wakaja, wakakata mgomba, wakaupima kwa suruali ya Gelasius ya kwendea kanisani, wakauvika shati lake na kuuviringisha katika shuka. Lilikuwa shuka la kitandani, maana mwaka ule wa themanini na tatu hata kitambaa cha sanda kilitafutwa kwa kujuana. Wakauzika nyuma ya nyumba kwa sala zote, katekista akitaja jina la marehemu kwa sauti. Watu walilia kweli. Anayedhani mtu hawezi kuulilia mgomba hajafiwa na mtu asiyeonekana.

Watoto walifungiwa chumbani. Epifania alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la tano, na alijua yote. Msichana aliyekulia machimboni hana haja ya kuelezwa duara likimwangukia mtu inakuwaje. Lakini mdogo wake, Dominiko, wa miaka sita, alikuwa ameambiwa na mama yao, Anisia, kwamba baba amesafiri. Watu wazima wana ugonjwa huu: humdanganya mtoto ili wapate nafasi ya kulia, halafu wakimaliza kulia wanasahau kwamba kuna mtu bado anasubiri safari iishe. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa miti na udongo, na pembeni udongo ulikuwa umebanduka. Dominiko aliweka jicho lake hapo tangu mwanzo wa mazishi hadi mwisho.

"Dada," alisema, "wamezika mgomba."

"Nyamaza."

"Wameuvalisha shati la baba. Kwa nini wameuvalisha shati la baba?"

Epifania alimvuta mdogo wake kutoka ukutani, akamkalisha mapajani na kumziba masikio wakati wanawake walipopiga yowe la mwisho.

Tangu siku hiyo Dominiko akaacha kula. Hakugoma, hakulia, hakusumbua. Aliwekewa ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, akautazama, akaufinyanga tonge, akalirudisha sahanini. Kila mgeni aliyekuja kutoa pole, yeye alimuuliza swali moja, baba amesafiri kwenda wapi, na mgeni akajikuna kichwa na kumpa peremende. Baada ya wiki tatu miguu yake ilikuwa imekonda mpaka magoti yakaonekana makubwa kuliko mapaja. Mganga wa zahanati akampa dawa ya minyoo. Mama yao hakuwa na la kufanya zaidi, maana alikuwa akitwanga mawe ya dhahabu ya watu kutwa nzima, mchi mkononi na vumbi hadi kwenye kope, na jioni alilala bila kuvua kanga.

Mchana mmoja, nyumba ikiwa tupu, Epifania alishika tonge mbele ya mdomo wa mdogo wake kwa muda mrefu mpaka mkono ukamuuma. Alikuwa amekwisha kubembeleza na kutisha. Ndipo likamtoka neno ambalo hakuwa amelipanga.

"Baba yuko chini."

Dominiko akageuza kichwa. "Chini wapi?"

"Chini ya duara. Kuna mji huko. Udongo ulipoanguka, wao walikuwa wameshavuka upande wa pili."

"Na mgomba?"

"Mgomba ni wa kuwaridhisha watu wa juu, wasimsumbue kumtafuta. Ana kazi nyingi."

Dominiko akafikiri. Akafungua mdomo, akala tonge lile, na lililofuata, na sahani yote. Epifania akatoka nje kwenda kuosha vyombo, na sahani ile akaiosha mara mbili kwa furaha. Ni nani angemlaumu?

Mji ule wakauita Kwetu Chini. Kila sahani ya ugali ilidai kipande kipya, na Epifania akawa anauongeza kila siku. Kule dukani kulikuwa na sabuni na sukari, na hakuna aliyepanga foleni. Taa za kule hazikuhitaji mafuta. Watu wa kule walisikia michi ya wanawake wa Rwamgasa ikitwanga mawe wakadhani ni ngurumo, wakaanua nguo. Wale wenzake baba wawili walikuwa nao huko, mmoja ameacha pombe. Ndama wa jirani aliyekufa kwa ndigana alikuwa huko pia, amekuwa fahali. Baba alikuwa nyapara, akitembea na kurunzi kifuani na kofia mpya, na kila mtu alimwamkia.

"Na sisi anatukumbuka?" Dominiko aliuliza.

"Kila siku anauliza, Mzee wa Ushirombo anakula?"

Mzee wa Ushirombo ndilo jina ambalo Gelasius alimwita mwanawe, kwa sababu alikuwa amerithi jina la babu yake wa huko. Dominiko aliposikia hivyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu Machi, na mama yao aliyekuwa mlangoni akafanya ishara ya msalaba akidhani dawa ya minyoo imefanya kazi.

Baadaye zikaja barua. Duara la zamani lilikuwa limebaki bonde la udongo mwekundu lenye ufa upande mmoja, na kwenye ufa ule ndipo walipotumbukiza karatasi zilizochanwa kwenye daftari la Epifania. Dominiko alisema, Epifania akaandika. Majibu yalipatikana baada ya siku mbili tatu chini ya jiwe, yameandikwa kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane na wake. Dominiko hakujua kusoma bado. Kwa hiyo mkono wa kushoto haukuwa na maana yoyote kwake. Epifania aliandika hivyo kwa ajili yake mwenyewe.

Na hili lisemwe wazi: alipenda kule kuliko huku. Darasani, mwalimu akiandika hesabu ubaoni, yeye alikuwa akiwaza baba atakula nini jioni. Hakuwa amemlilia baba yake hata mara moja, na wanawake waliokuja msibani walikuwa wamemsifu kwa ushupavu. Alianza kufungua barua alizojiandikia mwenyewe moyo ukimdunda, akitamani kujua zimesema nini.

Kiangazi kilipokomaa, mwezi wa Julai, udongo ukawa mkavu na mgumu, na Ngassa akaamua kulirudia duara. Alichinja kondoo mweusi, damu ikamwagwa pale bondeni, kisha wachimbaji wakaanza shimo jipya hatua kumi kutoka la zamani. Mpango ulikuwa kushuka hadi kina kilekile, halafu kutoboa njia ya pembeni kuufuata mwamba wenye dhahabu pale Gelasius alipouachia.

Jumapili moja baada ya misa Valerian alikuja kula kwao. Wote wanne walikaa kwenye mkeka mmoja.

"Shemeji," alimwambia Anisia kwa sauti ya upole, "tumebakiza kidogo. Wiki hii au ijayo tutamfikia kaka. Tukimpata tutamtoa, tumzike kama mtu. Ule mgomba tuufukue, tumweke yeye."

Anisia akaitikia kwa kichwa na kufuta macho kwa pindo la kanga. Alikuwa amelisubiri neno hilo miezi sita. Dominiko aliacha kutafuna. Alimtazama baba yake mdogo jinsi mtoto anavyomtazama mtu mwenye panga.

Walipokwenda kuteka maji akamshika Epifania mkono. "Wanataka kumtoa wamzike."

"Hawatamfikia."

"Baba mdogo amesema wiki hii. Atazikwa mzima, dada?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Epifania alijua hivyo wakati uleule, na alikuja kulijua zaidi baadaye. Ndoo ilikuwa kichwani, njia ilikuwa tupu, mdogo wake alikuwa amesimama mbele yake akisubiri. Angeweza kutua ndoo. Lakini alimwona tena akirudisha tonge sahanini, na alijiona yeye mwenyewe akibaki huku juu bila pa kwenda, na ndoo ikabaki kichwani.

"Nitamwandikia ahame," alisema. "Akahamie mbali, upande wa Buseresere, wasimwone."

Aliandika siku ileile, Dominiko akachora panga chini ya maneno, na wakaitumbukiza wote wawili kwenye ufa.

Jumatano, Epifania aliporudi kutoka shule kula chakula cha mchana, Dominiko alimjia mbio njiani. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjika, imejaa udongo mwekundu, lile panga bado linaonekana. Aliiokota kwenye lundo la udongo uliotolewa njia ya pembeni asubuhi ile.

"Hii ya kuhama haikufika," alisema huku akihema. "Nyingine zote zilifika, hii imekwama. Baba hajui kitu, dada. Na wamebakiza hatua mbili, nimewasikia."

"Nitaandika nyingine."

"Hakuna muda wa nyingine."

"Domi, kaa hapa. Nioshe uso tu, tule, kisha tutaona la kufanya."

Alikwenda nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji. Hakukawia. Aliporudi, sahani ilikuwa imefunikwa na mtoto hayupo.

Alikimbia bila kumwita mtu. Wachimbaji walikuwa wamepanda juu kula, wamejikunja kwenye kivuli cha kibanda, na pale shimoni hapakuwa na mtu ila gogo la kuzungushia kamba. Kandambili za Dominiko zilikuwa ukingoni. Alikuwa amezivua na kuzipanga vizuri, jinsi mtoto aliyefunzwa adabu anavyofanya akiingia nyumba ya watu. Kwenye ukuta wa shimo kulikuwa na vikanyagio vilivyochongwa, na mtoto mwepesi angeweza kuvishuka.

Epifania akapiga yowe.

Valerian ndiye aliyeshuka kwanza. Watu walijaa ukingoni, Anisia akafika na mchi bado uko mkononi, Ngassa akawaamuru wote warudi nyuma wasitikise udongo. Baada ya muda Valerian akapanda, kichwa kizima kimejaa vumbi.

"Yuko kwenye njia ya pembeni," alisema. "Amepita magogo ya mwisho, ameingia kwenye upenyo ambao mimi bega haliingii. Nikimwita anazidi kwenda mbele. Udongo unamiminika." Akamgeukia Epifania. "Ananiambia hatakubali nimzike baba yake. Mtoto anasema nini huyu?"

Epifania akasema. Aliyasema yote mbele ya wachimbaji, upesi, akitazama miguu ya watu: mji, barua, majibu ya mkono wa kushoto, na maneno ya Jumapili kwenye mkeka. Hakuna aliyemkaripia. Anisia alimtazama binti yake, na mchi ukamwanguka.

"Ng'wanawane, mwanangu," Ngassa alisema, akichuchumaa mbele yake, "huyo hatamsikiliza mtu mwingine. Utashuka?"

Wakamfunga kamba ya katani kiunoni na kumshusha. Chini palikuwa na joto na harufu ya jasho la watu walioondoka. Valerian alimfuata na kurunzi, akabaki kwenye mlango wa njia ile, na Epifania akaingia kwa magoti na viwiko kati ya magogo. Mbele aliona nyayo mbili ndogo.

"Domi."

"Umekuja na nani?"

"Niko peke yangu."

"Nimeuona mlango," sauti ya Dominiko ilikuwa ya furaha na ya kuchoka. "Kuna mawe tu. Nimeshatoa manne."

Epifania akasikia jiwe la tano likivutwa, na udongo ukitiririka mahali asipopaona, kama mtama unaomwagwa kutoka guniani. Gogo lililokuwa juu ya kichwa chake likalia.

"Acha mawe, Domi. Rudi. Hakuna mlango hapo. Hakuna mji." Akasogea kiwiko kimoja mbele. "Baba alikufa. Alikufa siku ileile."

Udongo uliendelea kutiririka.

"Baba mdogo amekutuma useme hivyo."

"Hajanituma. Nakwambia kweli."

"Kama alikufa, nani alikuwa anatuandikia?"

Epifania akafungua mdomo. Jibu lilikuwa neno moja, lakini Dominiko asingeliamini, na yeye angehitaji nusu siku kumweleza, na gogo lililia tena, safari hii kwa sauti ya kitu kinachopasuka. Dominiko alikuwa akivuta jiwe la sita. Ukweli ulikuwa umechelewa kufika, basi.

"Domi," alisema, na sauti yake ikawa ile nyingine, ile waliyokuwa wakiitumia kwenye sahani, "sikiliza, nilikuwa nakujaribu. Baba ametoka."

Jiwe likanyamaza.

"Ametokea upande mwingine. Yuko juu sasa hivi, amekaa na mama kibandani, wamempa ugali. Hawatamzika, wamemwona kwa macho yao kwamba ni mzima."

"Kweli?"

"Anauliza, Mzee wa Ushirombo yuko wapi, mbona haji kunisalimia?"

Akasikia mdogo wake akicheka. Nyayo zikageuka, ukaja uso uliojaa udongo, meno yote nje, na Dominiko akatambaa kumjia kwa haraka hata akamgonga kidevu. Epifania alimshika shati na kumburuta. Walipofika kwenye mwanga wa kurunzi ya Valerian, nyuma yao njia yote ikashuka kwa mpigo mmoja, na vumbi likawafunika.

Dominiko alipandishwa kwanza. Epifania alibaki chini na baba yake mdogo. Valerian alikuwa ameelekeza kurunzi kwenye ukuta wa udongo pale palipokuwa na njia. Miezi miwili ya kuchimba ilikuwa imekwenda, na kaka yake amekwenda nayo. Alimfunga Epifania kamba vizuri na kuitikisa ili wavute.

Alipotokeza juu, jua lilimchoma macho, na jambo la kwanza aliloona ni Dominiko akimponyoka mama yake. Alikuwa anapita katikati ya wachimbaji. Alimtazama kila mwanamume usoni. Mmoja aliyekuwa ameinamisha kofia, Dominiko aliinama chini yake amwone vizuri. Wanaume wale, waliozoea kila kitu, walikuwa wakigeuza nyuso zao. Akakimbia hadi kibandani, akachungulia ndani, akazunguka nyuma, akarudi.

"Yuko wapi?" alimuuliza Epifania.

Epifania alikuwa bado na kamba kiunoni. "Hayupo, Domi."

"Umesema anakula."

"Nimekudanganya ili utoke."

"Amerudi chini?"

"Hayuko chini. Hakuna mji huko, Domi, amekufa. Udongo ulimwangukia."

Dominiko alimtazama kwa makini, akitafuta kwenye uso wake ile sauti nyingine. Hakuiona. "Barua alikuwa anaandika nani?"

"Mimi."

"Na ile ya kwamba ameninunulia viatu?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote."

Mtoto alikaa chini kwenye vumbi pale alipokuwa, akaanza kulia. Hakulia kwa kelele mwanzoni. Kisha ikamjia sauti ambayo mama yake alikuwa ameisubiri tangu Machi, na Anisia akapiga magoti na kumkumbatia, akimwambia pole, baba, pole, nisamehe, ni mimi niliyeanza. Epifania akasogea, akanyoosha mkono kumshika begani. Dominiko akausukuma mkono ule bila kuinua kichwa, akajificha zaidi kwenye kanga ya mama yake.

Watu wakaanza kutawanyika. Ngassa alikuja kumfungua kamba, akahangaika na fundo kwa muda, akamwambia amefanya vizuri. Epifania hakumsikia. Alikuwa akijaribu kurudi kule, kwenye taa zisizohitaji mafuta na mtu mwenye kofia mpya, na hapakuwa na mtu wa kwenda naye, na peke yake hakuweza kuamini hata kipande. Akayumba. Ngassa akamdaka kabla hajafika chini, na hapo, mikononi mwa mtu baki, msichana yule akaanza kumlilia baba yake.